Ngolo Mia Nane za Mama Aurelia

Pikipiki ya kituo ilikata mnyororo mara ya pili kabla ziwa halijaonekana, na fundi pekee aliyejua kuudanganya ule mnyororo alikuwa mahabusu, Mbinga. Aliyemweka ndani ni Sajenti Benadetha Kinunda mwenyewe, ambaye sasa alikuwa amepiga magoti kwenye tope, akiufunga kwa waya na kuiambia pikipiki maneno yasiyofaa kutamkwa Juma Kuu.

Kesi yenyewe, ukiitazama kwa mbali, ilikuwa ndogo. Marafiki watatu wa Dar es Salaam walikuwa safarini kwa pikipiki kubwa, zile ambazo vijana wa bodaboda wakiziona huacha abiria na kwenda kuzipiga picha. Walitaka kufika Kepu Tauni, mwisho wa bara upande wa kusini. Wangevuka ziwa kwa meli hadi Malawi, halafu Zambia, Zimbabwe, Botswana na kuendelea, wakilala kwenye mahema njia nzima. Jumatatu jioni walipiga kambi Mbuji, chini ya lile jiwe kubwa, pembeni ya shamba la mjane aitwaye Mama Aurelia. Jumanne asubuhi mkoba wa njano usiopitisha maji, wenye pasipoti zote tatu na kadi za pikipiki zote tatu, haukuonekana. Mtu bila mkoba ule angeweza kwenda Kepu Tauni kwa mawazo tu.

Mgeni pekee aliyeingia kambini jioni ile alikuwa Salvatory, fundi pikipiki wa Mbuji, aliyeitwa kurekebisha kebo ya klachi. Alipoulizwa usiku ule alikuwa wapi, alijibu, "Kwa mtu." Mtu gani? Salvatory akatupa jicho kaunta, ambako mchumba wake Glorious alikuwa amesimama na bakuli la chakula, kisha akanyamaza kama aliyemeza msumari. Kwenye karakana yake kikapatikana kipande cha plastiki ya njano. Basi akalala ndani.

Leo Jumatano asubuhi yote mawili yalikuwa yamebomoka. Ile plastiki ilikatwa kwenye dumu la mafuta ya kula. Dumu lenyewe lilikuwepo, na pengo lake lililingana na kipande. Kisha akaja katekista, bila kuitwa, amevaa koti la kanisani. Alisema Salvatory alikuwa kwake Jumatatu tangu saa moja na nusu hadi saa nne usiku, akijifunza sala ya kutubu. Ndoa ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, na padri alikuwa amesema mtu asiyejua sala zake hafungi ndoa kwenye altare yake. Salvatory alikuwa amemwambia Glorious kwamba sala zote anazijua tangu Komunyo ya Kwanza.

Sajenti alipeleka habari hizo kwa mkuu wa upelelezi.

"Huyo katekista ni mjomba wake?" mkuu aliuliza.

"Hapana, afande."

"Basi shemeji. Benadetha, kesho saa mbili asubuhi gari la mahakamani linaondoka, na fundi atakuwemo. Mahakama ikishafunga kwa sikukuu, ni mpaka Jumanne. Nipe mkoba, au nipe mtu mwingine. Usinipe sala."

Jumanne harusi ingekuwa imeshapita. Na baba yake Glorious alikuwa ameshatamka mbele ya watu kwamba binti yake hatasimama altareni kumsubiri mtu wa rumande.

Ndiyo maana Sajenti alikuwa kwenye tope.

*

Alifika Mbaha saa tano, ufukweni ambako wale wasafiri watatu walikuwa wameshuka jana kusubiri habari za mkoba. Huku chini jua lilikuwa limetoka, na mahema matatu yalisimama mchangani kama uyoga, katikati ya uwanja ambao kina mama wa hapo huanikia usipa, dagaa wa ziwani. Kabla hajazima pikipiki, mama mmoja mwenye beseni kichwani alikuwa ameshamkuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuwaondoa?"

"Nimekuja kuwahoji."

"Ukiwahoji wataondoka?"

"Hilo sijui, mama."

"Basi wahoji kwa nguvu. Usipa wa jana umenioza kwenye beseni kwa kukosa pa kuanika. Ukiwaambia, wanakuambia, mama tupo kwa muda tu. Hata jipu lipo kwa muda tu."

Sajenti alikubali kwa kichwa na kupita. Watu watatu walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja. Dunstan, mpana wa mabega, alishika karatasi ya ratiba iliyofunikwa kwa nailoni. Alphonce, mwembamba, simu haikumtoka mkononi. Wa tatu, Hamphrey, alikaa kando akitazama ziwa. Joto lilikuwa la kuvua shati, lakini Hamphrey alikuwa amevaa glavu zake za kuendeshea.

"Sajenti," alisema Dunstan, "tumechelewa siku moja na saa nne."

"Na mimi nimechelewa chai. Wewe ndiye mlalamikaji?"

"Mimi ndiye kiongozi wa msafara."

"Sikuuliza hilo. Kwenye maelezo yako ya jana umesema mkoba uliuona mara ya mwisho saa kumi na mbili na nusu, fundi amechuchumaa karibu nao. Ulikuwa umewekwa wapi?"

"Hemani kwangu, mlangoni."

"Ulikuwa unaning'inia kwenye usukani wa Hamphrey," alidakia Alphonce.

"Hemani."

"Dunstan, mimi ndiye niliyeutoa hemani. Uliniambia nizipige picha pasipoti, tuzitume kwa yule jamaa wa Malawi."

"Hiyo ilikuwa Songea."

"Songea tulipiga picha chipsi."

Sajenti alifunga daftari, akalifungua tena. "Nyie mna safari ya nchi saba. Mkoba mmoja unawashinda kujua ulikuwa wapi. Hamphrey, wewe uliuona wapi?"

"Mimi sikuangalia, afande."

"Ulining'inia kwenye usukani wako na hukuangalia."

"Nilikuwa nimechoka." Hamphrey alirudisha macho ziwani, kisha akauliza kama mtu anayepitisha muda, "Afande, hivi maharage ya kule juu huvunwa mwezi wa ngapi?"

"Wa sita. Umekuja kupeleleza maharage?"

"Hapana. Nimeuliza tu."

Sajenti alimtazama, akaandika jambo, akamgeukia Alphonce. "Hizo picha za pasipoti unazo?"

Alphonce alianza kupandisha na kushusha kwa kidole. Zilipita picha za jiwe, za moto, za sufuria, za jiwe tena. Dunstan alisema wanapoteza muda. Mwishowe ikatokea: pasipoti imefunguliwa juu ya goti, na nyuma yake, kando ya moto, mkoba wa njano mdomo wazi.

"Simu inasema picha hii ilipigwa lini?"

"Jumatatu. Saa tatu na dakika kumi na mbili usiku."

Mama wa beseni, aliyekuwa amesogea kusikiliza, alisogea tena.

"Kwa hiyo, Bwana Dunstan," alisema Sajenti taratibu, "saa tatu usiku mkoba mnao. Na wewe umeniandikia, ukasaini, kwamba uliuona mara ya mwisho saa kumi na mbili na nusu."

"Niliandika nilipouona mimi. Basi alirudi baadaye. Mwizi hawezi kurudi?"

"Saa nne alikuwa bado anahangaika na sala yake kwa katekista. Kutoka pale mpaka kwenye jiwe ni mwendo wa saa nzima, na mvua ilianza saa nne na nusu. Na Mama Aurelia ana mbwa wawili wanaombwekea hata padri akija kubariki mbegu. Niliuliza nyumba tatu. Mbwa walibweka mlipofika, wakabweka fundi alipokuja na alipoondoka. Baada ya hapo hawakubweka tena."

"Sisi hawakutubwekea," alisema Alphonce. "Tuliwapa mifupa ya kuku."

Alipomaliza kusema hivyo, alionekana kama anayetamani kuyarudisha maneno mdomoni. Sajenti hakumsaidia. Alichukua simu mkononi mwake akaendelea kupandisha picha mwenyewe. Jumanne asubuhi. Ukungu. Dunstan amekasirika. Halafu video.

Aliitazama mara ya kwanza amesimama. Mara ya pili alivuta kiti akakaa.

Sajenti Benadetha alizaliwa Umatengoni, na kabla ya kushika kirungu alishika jembe. Kilimo cha kule ni cha ngolo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza shambani kwa mistari inayokatana, kama nondo za dirisha. Kisha huja wanawake, hasa wakiwa wameitana kwa ngokela, kazi ya pamoja. Kila mmoja hushika mstari wake, huchimba katikati ya kila chumba, na udongo huutupa juu ya nyasi mpaka zifukiwe na kuwa tuta. Mbegu za maharage hupandwa hapo hapo, na katikati hubaki ngolo yenyewe, shimo la kukamata maji ya mvua. Mlima mzima hutoboka hivyo kama sega la nyuki, na kila shimo hufanana na jirani yake.

Kwenye video wanawake kama kumi na watano walikuwa wameinama, wamepanga mstari. Katikati yao alikuwa Hamphrey na jembe la kuazima. Kicheko cha Alphonce kilisikika nyuma ya simu. Na ilisikika sauti ya mwanamke akimkaripia Hamphrey kwa Kimatengo, wenzake wakiangua kicheko.

"Mnajua huyu mama anasema nini?" Sajenti aliuliza.

"Alikuwa anamsifu," alisema Alphonce. "Hamphrey alitushangaza. Sisi tulipanda juu kutafuta mtandao, yeye akasema anabaki kuwasaidia kina mama. Mpaka saa sita."

"Anasema, 'Kitanda nimeshatandika, mbona wewe unavua shuka?'"

"Tazameni majembe. Wenzake wote wanachimba katikati na kutupa udongo pembeni. Huyu yuko juu ya tuta lililokwisha kumalizika, anaondoa udongo, anafunua nyasi, anahamia tuta la pili. Huku si kulima. Ni kufukua." Alimrudishia Alphonce simu. "Hamphrey, vua glavu."

"Afande, mikono ni—"

"Vua."

Glavu zilivuliwa. Viganja vyote viwili vilikuwa vimejaa malengelenge, mengine yamepasuka.

"Nilikuwa nasaidia," alisema Hamphrey.

"Anayekuja kusaidia hupewa mstari. Mstari wako ulikuwa upi?"

Hamphrey alianza kuvaa glavu zake tena.

"Fungeni mahema," alisema Sajenti. "Tunarudi Mbuji."

"Wote?" Dunstan alisimama. "Sajenti, mimi ndiye niliyeibiwa. Ratiba—"

"Ratiba hiyo si umeitia nailoni? Haitalowa."

Nyuma yao mama wa beseni alipiga kigelegele kifupi, akamwaga usipa mchangani kabla hema la kwanza halijalala.

*

Mnyororo ulikatika mara ya tatu mita mia mbili kutoka ufukweni. Dunstan alikagua, akasema pikipiki zao wenyewe hupimwa kwa kompyuta. Sajenti aliisukuma ya kituo mpaka uani kwa mwalimu wa kijiji, akamwandikishia mwalimu kwamba ameiacha nzima, akarudi, na akaamua kupanda nyuma ya Hamphrey.

Kwenye jua Hamphrey aliendesha vizuri. Walipoanza kupanda milima na wingu kushuka, mambo yalibadilika. Alishika katikati ya barabara, karibu kugusa taa ya nyuma ya Dunstan. Kila penye kivuli cha miti alifunga breki pasipo na kitu, na penye kitu hakufunga.

"Ng'ombe," alisema Sajenti.

"Nimemwona."

"Umemwona nilipokuambia."

Walipita ng'ombe kwa upana wa kiganja.

"Shimo."

Safari hii Hamphrey hakusema ameliona. Walilipitia lote, na Sajenti akaumia nyonga.

"Macho yako yana nini?"

"Vumbi."

"Mvua inanyesha, Hamphrey."

Hakuuliza tena mpaka Mbuji. Lakini walipofika alikuwa ameshika shati la Hamphrey kwa mikono yote miwili, jambo ambalo hakuliandika kwenye daftari.

*

Mama Aurelia aliwapokea akiwa amesimama mpakani mwa shamba lake, mikono kiunoni, mbwa wawili miguuni. Mbwa walimbwekea Sajenti. Hamphrey walimtikisia mkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu wa glavu umemrudisha wa nini? Jana ametuvunjia ngolo kumi na moja. Tumezihesabu."

"Nadhani mkoba wao umo humu shambani, mama. Chini ya udongo."

Mama Aurelia aligeuka taratibu akalitazama shamba lake. Lilipanda na mlima mpaka penye ukungu. "Humu mna ngolo mia nane na zaidi. Maharage yameingia jana. Unataka kuzifukua zote?"

"Sitaki kufukua hata moja bila kujua."

"Basi jua kwanza. Mimi nipo."

Sajenti aliwapanga wale watatu kando ya majivu ya moto wao. "Mahema yalikuwa wapi?" Dunstan alionyesha kushoto. Alphonce alionyesha kulia. Wakaanza kubishana kuhusu mwelekeo wa upepo. Sajenti alifumba macho kwa muda kama mtu anayesali, kisha akasema bila kumtazama yeyote, "Mistari mingapi kutoka hemani?"

"Sita," alisema Hamphrey.

Aliuma ulimi, lakini neno lilikuwa limeshatoka na kusikika. Dunstan na Alphonce waliacha ubishi wao wa upepo.

"Endelea," alisema Sajenti.

"Nilikuwa niutoe asubuhi." Sauti ya Hamphrey ilikuwa ndogo. "Zilikuwa nyasi tu, afande. Zimelazwa. Nilidhani ni za ng'ombe. Nikauingiza chini yake, nikahesabu, nikalala. Nilitaka tukose meli ya Jumanne, basi. Tukishaikosa, ningeuokota mahali. Nimeamka saa moja, nimetoka nje, nyasi hakuna. Mlima wote mashimo."

"Tulianza saa kumi na moja alfajiri," alisema Mama Aurelia. "Tulianzia hapa kwenye mahema, ili mwanga ukija tuwe mbali, nao wapate usingizi. Huo ndio wema wangu."

"Kwa nini ukose meli?" Dunstan alimsogelea. "Miezi saba tumepanga. Miezi saba, Hamphrey."

"Haoni," alisema Sajenti. "Penye giza, penye kivuli, penye wingu, haoni. Muulize ng'ombe wa kule njiani."

Hamphrey alikubali kwa kichwa. "Tangu mwaka jana. Daktari alisema nisiendeshe kuanzia magharibi. Kila nilipotaka kuwaambia, ninyi mnazungumza Kepu Tauni."

"Ungesema tu."

"Nani angekuambia neno, Dunstan? Wewe umeitia ratiba nailoni."

Alphonce alicheka, akaona si mahali pake, akaacha.

"Na fundi?" Sajenti alimwuliza Hamphrey. "Jana umekaa mezani kwangu. Umeandika kwa mkono wako kwamba hujui mkoba ulipo. Fundi alikuwa amefungwa pingu mlango wa pili. Hukumwona hata yeye?"

Sajenti hakusubiri jibu. Jua lilikuwa linashuka, na maneno ya mshukiwa bila kielelezo yangemfanya mkuu wa upelelezi aulize kama Hamphrey naye ni shemeji wa mtu. Alivua viatu akaanza kupanda kati ya matuta, Mama Aurelia nyuma yake.

Mstari wa sita haukuwa na kitu cha kuonyesha. Wala wa saba. Palipokuwa pameanza hema hapakujulikana, kwa hiyo sita yenyewe ingeweza kuwa nne au tisa. Sajenti aliacha kuhesabu, akaanza kutazama maji.

"Mvua ya jana usiku ilikuwa kubwa, mama?"

"Ya kupima ngolo. Kila shimo limeshika."

"Kila shimo?"

Waliendelea. Mashimo yalikuwa yamejaa maji ya udongo mwekundu, matuta yamekaa imara, kwa sababu nyasi za ndani hunywa maji na kuushika udongo. Kwenye mstari wa nane Mama Aurelia alisimama, akaguna.

Tuta moja lilikuwa limekatika bega. Udongo ulikuwa umeteleza wote upande mmoja kama blanketi lililovutwa, maji yametoroka, na maharage mawili yamebaki wazi, meupe.

"Huu mstari ni wa Getrude," alisema Mama Aurelia. "Getrude nalima naye mwaka wa ishirini. Hajabomokewa hata siku moja."

"Udongo hushikwa na nyasi, mama. Kwa kitu kinachoteleza haushikiki."

Mama Aurelia alimpa jembe, kisha akalirudisha. "Wewe umekuwa mtu wa ofisi. Utakata maharage yangu." Aliinama mwenyewe, akasukuma udongo kwa ubavu wa jembe, mara mbili, mara tatu. Njano ikatokea.

Sajenti aliutoa mkoba mbele ya wote, akaufungua, akahesabu kwa sauti: pasipoti tatu, kadi tatu. Haukuwa umelowa hata ukurasa mmoja. Dunstan alinyoosha mkono.

"Hiki sasa ni kielelezo," alisema Sajenti, akautia kwapani. "Hamphrey, uko chini ya ulinzi kwa kutoa taarifa za uongo kwa polisi."

"Na zile kumi na moja?" aliuliza Mama Aurelia.

"Zipi, mama?"

"Ngolo zangu. Polisi mtamaliza lini kumtumia? Akitoka huko aje afyeke nyasi, azilaze. Hiyo ndiyo kazi ya mwanamume, na mchana anaona. Kuchimba tutachimba wenyewe."

"Atakuja," alisema Dunstan kabla Hamphrey hajafumbua mdomo. Alikunja ratiba yake, nailoni ikalia, akaiweka mfukoni. "Tutakuja wote. Meli nyingine ni wiki ijayo."

*

Saa moja jioni, kituoni Mbinga, Glorious alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya kaunta na bakuli lile lile, limefungwa kitambaa. Mkuu wa upelelezi aliugeuza mkoba mara mbili, akasoma maelezo mapya ya Hamphrey mpaka kwenye sahihi, akauliza kama yeye hana undugu na katekista. Kisha akasaini.

Salvatory alitolewa. Alikabidhiwa mkanda, simu na spana namba kumi na saba, akatia sahihi kwa kila kimoja.

"Sajenti, pikipiki ya kituo iko wapi? Siisikii."

"Mbaha, kwa mwalimu."

"Umeufunga kwa waya?"

"Tia sahihi, Salvatory."

"Nilikuambia usiufunge kwa waya."

Glorious alikuwa amesimama. Hakumkumbatia. "Jumatatu usiku ulikuwa wapi?"

Salvatory alimtazama Sajenti kama anayeomba arudishwe ndani. Sajenti alikuwa anaandika kwenye kitabu cha matukio.

"Kwa katekista."

"Unafanya nini?"

"Sala ya kutubu."

"Uliniambia unaijua tangu Komunyo."

"Niliijua. Ikatoka."

"Umekaa ndani siku mbili, baba amenirudisha nyumbani mara mbili, watu wananitazama kama mjane, kwa sababu ya sala ya kutubu."

"Ulikuwa umesimama pale kaunta, Glorious. Ningesemaje?"

"Isome."

"Hapa?"

"Padri atakusikiliza Jumamosi. Mimi nakusikiliza sasa."

Konstebo wa zamu aliacha kupiga muhuri. Salvatory alishika spana kwa mikono miwili, akaanza. Mwanzo alikwenda vizuri, akakiri, akasikitika. Alipofika pale mtu anapotakiwa kuahidi, akakwama. Akarudi nyuma maneno matatu, akaruka, akakwama pale pale.

Kutoka mahabusu, nyuma ya nondo, sauti ikamtajia ahadi yenyewe, polepole, neno baada ya neno.

Wote waligeuka.

"Nilisoma seminari miaka miwili," alisema Hamphrey gizani.

Glorious alimtazama yule mtu wa ndani kwa muda mrefu. Kisha aliuliza, "Huyo amekula?"

"Bado," alisema konstebo.

Alifungua kitambaa, akagawa ugali katikati kwa mkono, akasukuma bakuli kaunta.

Sajenti Benadetha hakuinua kichwa kwenye kitabu. Viatu vyake vilikuwa bado na tope la Mbuji, na hakuwa amekunywa chai tangu asubuhi.

"Rudieni tangu mwanzo," alisema. "Na huyo wa ndani asome kwa sauti."